Muulize Mkunga: Nani Aamue Mwanamke Azae Wangapi?

Haya wapendwa, toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba dunia ilifikisha watu bilioni 8 Novemba 2022, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja kwa fujo, wengine wanauliza chakula kitatosha kweli, wengine wananitukana eti nimetumwa, na wengine wameruka yote hayo wakaniuliza mambo yao ya chumbani, ambayo kusema kweli ndo nayajua zaidi maana nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi kuliko niliyokaa darasani. Nimechagua machache, majina nimeficha kama kawaida.

SWALI: Mama Mkunga shikamoo. Mi naona tunazunguka mbuyu tu. Nchi maskini ni maskini kwa sababu watu wanazaa bila mpango, mtu hana hela ana watoto saba. Kwa nini serikali zisipige marufuku, kila mtu wawili basi, anayezidisha faini? China si walifanya hivyo na leo matajiri? (Mchumi wa Kijiweni)

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeuliza kwa hasira ila swali lenyewe zuri, na ngoja nianze na hiyohiyo China kwa sababu kila mtu anaitaja na karibu kila mtu anaitaja nusunusu. Sheria ya mtoto mmoja ilianza mwaka 1980. Sasa rudi nyuma kidogo, mwaka 1970 mwanamke wa China kwa wastani alikuwa anazaa karibu watoto 6, na ilipofika 1979 walikuwa wameshashuka chini ya 3. Umeona? Sehemu kubwa ya mteremko ilitokea kabla sheria haijaandikwa. Miaka ya sabini walikuwa na kampeni ya kuoa kwa kuchelewa, kupisha nafasi na kuzaa wachache, na haikuwa kampeni ya upole sana sitaki kukudanganya, lakini ilikwenda sambamba na huduma za afya kufika vijijini, wasichana kuingia shule na watoto kuacha kufa ovyo. Sheria ilipokuja ikaongeza kubana, na kilichofuata ndo hicho hakisimuliwi vijiweni: familia nyingi zikataka huyo mmoja awe wa kiume, mimba za kike zikawa zinatolewa, miaka ya 2000 wakawa wanazaliwa wavulana kama 118 kwa kila wasichana 100, na wale wavulana wamekua sasa wanatafuta wa kuoa hawaoni. Wakalegeza, 2016 wakaruhusu wawili, 2021 wakaruhusu watatu, watu wakasema asante hatutaki, na mwaka 2022 idadi ya watu China ikaanza kupungua. Yaani serikali iliyokuwa inatoza faini anayezaa leo inambembeleza azae.

Alafu kuna India. Mwaka 1976, wakati wa hali ya hatari ya waziri mkuu Indira Gandhi, mtoto wake Sanjay alishikia bango kufunga uzazi, vijiji vikapewa malengo ya idadi, walimu na makarani wakaambiwa walete watu la sivyo mshahara hamna, na ndani ya mwaka mmoja watu zaidi ya milioni 6 wakafungwa uzazi, wengi wao wanaume na wengi wao maskini. Mwaka 1977 ukaja uchaguzi, chama chao kikaanguka, na ile njia ya mwanaume kufunga, ambayo ni salama na rahisi kuliko ya mwanamke kwa mbali, ikanuka jina kabisa, mpaka leo huko mzigo wa kufunga kizazi wanaubeba wanawake. Mi hili huwa linaniuma kitaalamu. Ukimlazimisha mtu kitu kizuri unakiharibu kwa vizazi viwili.

Na usidhani kulazimisha ni kupunguza tu. Romania mwaka 1966 mtawala wao Ceaușescu alitaka watu wengi, akapiga marufuku utoaji mimba na njia za kuzuia zikawa hazipatikani. Mwaka uliofuata watoto waliozaliwa wakakaribia kuwa mara mbili, watawala wakafurahi, miaka michache baadaye wanawake wakajua njia za uchochoroni na uzazi ukashuka tena, kilichobaki juu ni vifo vyao. Romania ikawa inaongoza Ulaya kwa wanawake kufa kwa mambo ya uzazi. Alipoondolewa mwishoni mwa 1989 na sheria ikafutwa, mwaka mmoja tu baadaye vifo vilikuwa vimeshuka karibu nusu.

Sasa utaniuliza, kwa hiyo tukae tu? Hapana. Kuna msemo maarufu, kwenye mkutano wa idadi ya watu wa Bucharest mwaka 1974 waziri wa India Karan Singh alisema maendeleo ndo njia bora ya uzazi wa mpango, yaani watu wakitajirika watapunguza wenyewe. Ni kweli nusu. Maana angalia Bangladesh. Miaka ya sabini mwanzoni ilikuwa fukara hasa, imetoka vitani, mwanamke anazaa karibu 7, na wataalamu wengi walishaikatia tamaa. Mwaka 1977 kwenye eneo linaitwa Matlab wakaanza jaribio, vijiji vya upande mmoja vikapata wahudumu wanawake, wa hukohuko kijijini, wanapita nyumba kwa nyumba kila baada ya wiki mbili na vidonge, kondomu na sindano, na cha muhimu zaidi wanakaa chini wanasikiliza, ukisema hii inanitoa damu wanakubadilishia. Upande wa pili ukabaki na huduma za kawaida za serikali. Umaskini uleule, mto uleule, mafuriko yaleyale, ila upande uliotembelewa wanawake wakaanza kuzaa wachache haraka zaidi. Bangladesh nzima ikachukua somo hilo na leo iko kwenye watoto wawili na kidogo kwa mwanamke, bila sheria ya faini. Thailand nayo ilitoka 6 miaka ya sitini ikafika 2 miaka ya tisini mwanzoni, kuna bwana anaitwa Mechai Viravaidya alikuwa anagawa kondomu masokoni anachekesha watu mpaka aibu ikaisha. Iran ilitoka zaidi ya 6 hadi 2 ndani ya miaka kama kumi na tano, na huko mashehe walikubali, na wachumba kabla ya kuoana walikuwa wanapitia darasa la uzazi wa mpango. Rwanda kati ya 2005 na 2010 tu, wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa walitoka asilimia 10 hadi 45. Kenya ilikuwa na wastani wa watoto 8 mwishoni mwa miaka ya sabini, utafiti wa 2022 ukakuta 3.4.

Kuhusu kwamba wanazaa ndo maana ni maskini, hiyo mishale inakwenda pande zote mbili. Kwa kiwango cha nchi una hoja, sikatai. Nchi inayokua kwa asilimia 3 kwa mwaka watu wake wanakuwa mara mbili ndani ya miaka kama 23, maana yake madarasa, vitanda vya wodi, visima, walimu, vyote viongezeke mara mbili ili tu mbaki pale mlipokuwa. Hiyo ni kukimbia juu ya mkanda wa gym. Lakini ukishuka kwenye nyumba ya mtu hesabu ni nyingine, na hiyo namjibu dada anayefuata.

SWALI: Dada Nesi, mimi nina watoto watano na mume wangu anataka tuendelee, anasema watoto ndo utajiri wa maskini. Mama yangu alizaa tisa wakabaki watano. Mi nimechoka ila nikifikiria naona kama ana point. Kwa nini sisi maskini ndo tunazaa sana? (Mama Pacha)

JIBU: Mdogo wangu, jibu umeliandika mwenyewe katikati ya swali. Tisa wakabaki watano. Mama yako hakuwa mjinga, alikuwa anapiga hesabu. Kama unajua wanne watakufa na unataka wawili watatu wa kukushika mkono uzeeni, na hamna pensheni, hamna bima, na watoto wakifika miaka saba wanachota maji na kuchunga, basi kuzaa tisa ni akili. Zamani dunia nzima ilikuwa hivyo, Ulaya na kila mahali, mwaka 1800 kati ya watoto kumi kama wanne walikuwa hawafiki miaka mitano.

Kilichobadilika ni kifo. Chanjo, maji safi, maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, neti. Mwaka 1990 duniani walikufa watoto zaidi ya milioni 12 chini ya miaka mitano, mwaka 2022 hawakufika milioni 5, na hapo katikati watu wameongezeka. Sasa akili ya watu haibadiliki siku chanjo inapofika, inachukua muda mama kuamini kwamba hawa watabaki, kizazi kizima wakati mwingine, na ndani ya huo muda watu wanaendelea kuzaa kama wa zamani huku watoto wanaishi kama wa kisasa. Hilo pengo ndo ongezeko la watu. Dunia ilichukua karne na zaidi kutoka bilioni 1 mwanzoni mwa miaka ya 1800 hadi bilioni 2 kama 1927, alafu kutoka bilioni 7 mwaka 2011 hadi 8 ni miaka kumi na moja tu. Watu wanadhani ni kwa sababu tumeanza kuzaa sana, wala, miaka ya sitini wastani wa dunia ulikuwa watoto 5 kwa mwanamke na leo ni kama 2.3. Tumeacha kufa.

Kwa hiyo mumeo hesabu yake ni ya mama yako, ila wanao wanaishi kwenye hesabu nyingine. Siku hizi mtoto anahitaji shule miaka kumi na zaidi kabla hajakuletea chochote, na watano wakigawana hela ya daftari ya wawili basi hakuna anayesoma. Mwambie hivyo, usimwambie kwa ukali, mwambie usiku akiwa ameshiba. Na wewe mwenyewe umesema umechoka, hiyo siyo kitu cha kupita juujuu. Ukishazaa watano mfuko wa uzazi unalegea, unashindwa kubana vizuri baada ya kujifungua na damu ndo inamwagika, nimeshuhudia mama wa mimba ya saba alikuja akitembea mwenyewe anacheka na manesi, nusu saa baada ya mtoto kutoka tulikuwa tunakimbizana kutafuta damu. Alipona. Wengine hawakupona. Kutokwa damu ndo muuaji namba moja wa wazazi, anafuatia kifafa cha mimba, na maambukizi, na mimba zinazotolewa kwa njia za hatari. Mwaka 2023 walikufa wanawake kama 260,000 duniani, zaidi ya 700 kila siku, na kama saba kati ya kila kumi ni Afrika kusini mwa Sahara. Shirika la Afya Duniani linashauri baada ya kujifungua mtoto aliye hai ukae angalau miezi 24 kabla ya kushika nyingine. Kama kusema "tuache kabisa" ni vita ndani ya nyumba, anza na hiyo miaka miwili. Wanaume wengi wanaokataa kuacha hawakatai kupumzika.

SWALI: Mkunga hebu sema ukweli. Hawa wazungu wanaotuletea vijiti na sindano za uzazi wa mpango bure, dawa ya kichwa hamna lakini kondomu zimejaa, si wanataka kutumaliza? Mbona kwao wanalia hawazai na wanalipa watu wazae? (Mjukuu wa Babu)

JIBU: Wewe mjukuu nilikuwa nakusubiri. Wenzangu wengi wa kliniki wakisikia hili swali wanacheka au wanakasirika, mi sifanyi hivyo, kwa sababu wasiwasi huo una mizizi. Vidonge vya uzazi wa mpango kabla Marekani haijaviruhusu mwaka 1960 vilijaribiwa kwa wingi kwa wanawake maskini wa Puerto Rico kuanzia 1956, dozi yake ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko ya leo, wanawake hawakuelezwa kwamba ni majaribio, na waliolalamika kichwa na kutapika wakaambiwa ni mawazo. Peru, kati ya 1996 na 2000 chini ya rais Fujimori, wanawake zaidi ya 270,000 walifungwa kizazi, wengi wa vijijini milimani, na maelfu wakaja kusema hawakuridhia, wengine hawakuelewa hata karatasi waliyosaini kwa sababu iko kwa Kispanyola na wao wanasema lugha yao ya Kiquechua. Hiyo siyo hadithi ya mtaani. Na miaka ya sitini na sabini kulikuwa na watu wazito kabisa duniani wanaongea kuhusu watoto wa maskini kama wanaongelea nzige.

Na hiyo ya dawa ya kichwa nakubaliana na wewe asilimia mia. Kliniki ambayo ina kondomu katoni kumi na haina dawa ya malaria ya mtoto inawafundisha watu wenyewe kwamba haiwapendi.

Ila sasa sikiliza upande wa pili. Mwanamke wa Ulaya anatumia njia hizihizi, na kwa wingi kuliko wa Niger, kwa hiyo kama ni sumu wamejinywesha wenyewe kwanza. Alafu mwaka 1994 Cairo kulikuwa na mkutano mkubwa wa idadi ya watu, nchi 179, na hapo lugha ikageuka, wakaacha kuongea malengo ya idadi wakaanza kuongea haki ya mwanamke, afya yake, shule yake, na wanawake wa nchi maskini wenyewe walikuwa ndani ya ukumbi wanabishana, hawakuwa wanaongelewa tu. Si kwamba siku iliyofuata kila kitu kilinyooka, hiyo Peru niliyokutajia imetokea baada ya Cairo, unaona mwenyewe tarehe.

Na kuhusu mazingira, wale wanaosema watu wa nchi maskini ndo wanaharibu dunia kwa kuzaa, hao wakatae bila kuuma maneno. Mmarekani mmoja kwa mwaka anatoa kama tani 14 za hewa ya ukaa, mtu wa Niger haifiki hata robo tani. Mama wa Niger mwenye watoto saba na nyumba yake nzima hawamfikii huyo mmoja.

Mi kipimo changu ni kimoja na ukitumie popote: nenda uliza, je wanatoa? Kuweka kijiti, kile cha chini ya ngozi ya mkono, kila mtu anataka kukuwekea. Mwanamke akirudi baada ya miezi minne akasema kitoe sikitaki, wanakitoa siku hiyohiyo, au wanamwambia vumilia, njoo mwezi ujao, mwenye funguo hayupo? Kliniki inayotoa bila kununa hiyo inamhudumia yeye. Inayokataa kutoa inahudumia takwimu za mtu mwingine, hata kama daktari wake ni binamu yako. Na wale wanaotaka njia na hawazipati ni wengi kuliko unavyodhani, wanawake zaidi ya milioni 200 kwenye nchi zinazoendelea hawataki kushika mimba sasa hivi na hawatumii njia yoyote ya kisasa. Hao ukiwaambia mnataka kumalizwa watakuuliza wewe uko wodini saa nane usiku?

SWALI: Naomba kujua njia ipi haina madhara kabisa na je ni kweli vidonge vinaleta kansa. Asante. (Bi Harusi Mtarajiwa)

JIBU: Hongera mwanangu. Isiyo na madhara kabisa haipo, hata panadol haipo hivyo. Sindano na kijiti vinavuruga siku zako, wengine damu inakatika, wengine inadondoka kidogokidogo mwezi mzima. Kitanzi cha shaba, kile kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi, hakina homoni na kinakaa miaka 10 na zaidi ila hedhi inaweza kuwa nzito na maumivu yakaongezeka. Vidonge vinataka kichwa kinachokumbuka. Kondomu ndo pekee inayokukinga na magonjwa pia, kwa hiyo hata ukiwa na nyingine usiidharau. Kansa: vidonge vinapunguza hatari ya kansa ya mayai ya uzazi na ya ukuta wa mji wa mimba, na vinaongeza kidogo ya titi wakati unavitumia, alafu hiyo ziada inapungua ukiviacha. Kama una presha, au unaumwa kichwa kile cha kuona mwanga unamulika kabla, au unavuta sigara na umepita miaka 35, vidonge vya kawaida vya homoni mbili siyo vyako, mwambie muhudumu mapema. Na mpeleke huyo bwana harusi nae asikie, siyo anakusubiri nje na simu.

SWALI: Viongozi wanasema vijana wengi ni mtaji, kwamba Korea Kusini iliendelea kwa sababu ya vijana. Mi ni kijana na sina kazi, huo mtaji uko wapi? (Graduate Bila Ajira)

JIBU: Pole mwanangu, na umeshika penyewe. Wanachosema ni kweli ila wanaruka ukurasa. Korea Kusini mwaka 1960 mwanamke alikuwa anazaa 6 kama nchi nyingine yoyote maskini. Uzazi ukashuka haraka, kwa hiyo miaka ishirini baadaye ukawa na nyumba zenye watu wengi wa umri wa kufanya kazi, watoto wachache wa kulisha na wazee bado wachache, hela inayobaki inaingia shuleni na viwandani. Hapo ndo faida ilipo, kwenye uwiano. Vijana wengi peke yao siyo mtaji, vijana wengi na kila mmoja nyuma yake ana wadogo sita wa kulisha hiyo ni foleni tu. Alafu Korea walikuwa wanasomesha kila mtu, wasichana kwa wavulana, na kulikuwa na kiwanda kinachowasubiri. Ukipata uwiano mzuri na hamna kazi, dirisha linapita hivihivi watu wanazeeka.

Na linapita kweli. Korea hiyohiyo mwaka 2023 ilikuwa na wastani wa watoto 0.72 kwa mwanamke, hata mtoto mmoja kamili hafiki, na sasa shule zinafungwa kwa kukosa watoto. Tena kingine ambacho wanasiasa hawakielewi, au wanakielewa wananyamaza: hata nchi ikishuka leo hadi 2.1, ambayo ndo ile ya watoto kuwarithi wazazi wao bila kuzidi, idadi itaendelea kupanda miaka mingi, kwa sababu wasichana watakaozaa miaka ishirini ijayo wameshazaliwa wako madarasani. Ni kama treni, ukikanyaga breki haisimami hapo. Ndo maana Umoja wa Mataifa unakadiria dunia itaendelea hadi kama bilioni 10.3 katikati ya miaka ya 2080 ndo ianze kushuka, na huku wastani wa kuzaa unashuka tayari leo. Kwa hiyo anayekwambia tutapunguza watu ndo tupate kazi anakuzungusha. Kazi zitafutwe kwa vijana waliopo, uzazi wa mpango ni kwa ajili ya huyo anayezaa.

SWALI: Mama shikamoo, nina miaka 31, nilikuwa nachoma sindano ya miezi mitatu kwa miaka minne. Nimeacha, sindano ya mwisho ina miezi saba sasa tunatafuta mtoto wa pili hamna kitu. Mama mkwe anasema nimejiharibu kizazi. Nalia kila siku. (Naogopa)

JIBU: Marahaba binti yangu, futa machozi kwanza. Hujajiharibu. Hiyo sindano ndo njia pekee kati ya hizi za muda ambayo inachelewesha kurudi, na ulipaswa kuambiwa hivyo siku ya kwanza, aliyekuchoma bila kukwambia ndo mwenye kosa. Dawa inakaa mwilini inaisha polepole, wastani ni kama miezi kumi tangu sindano ya mwisho ndo watu wanashika, wengine wanakwenda hadi mwaka na nusu, na haijalishi ulichoma mwaka mmoja au minne. Miezi saba bado uko ndani ya kawaida kabisa. Kama hedhi bado haijakaa sawa usishtuke, ikianza kuja kwa mpangilio hesabu siku zako, mkutane siku mbili tatu kabla ya katikati na yenyewe katikati, anza vidonge vya foliki asidi sasa hivi usisubiri mimba. Mama mkwe mpe hili gazeti asome mwenyewe. Ukifika mwaka na nusu tangu ile sindano ya mwisho na bado kimya, nendeni kupima, na nasema nendeni, wote wawili, maana kipimo cha mbegu za mwanaume ni chepesi na bei rahisi kuliko vingi watakavyokufanyia wewe, kwa hiyo aanze yeye.